Kwa Mama Leokadia, Aliyenunua Kodiani Asiyojua Kuipiga

Mwaka umetimia, Mama, tangu ulipotutoka katika ile wodi ya dirisha dogo, baada ya kumwamuru muuguzi aionje kwanza supu yako. Aliionja. Ukamtazama kidogo uone kama ataanguka. Alipobaki amesimama, ukala.

Hatuwezi kukukumbuka tukaiacha tabia yako hiyo. Ungekuwepo ungetuuliza, "Mnaficha nini?" Basi sisi wanao, Halszka na Hieronim, hatufichi.

Ulishuku kila kitu. Ulimshuku muuza maziwa kwa kuwa alitabasamu, na padre kwa kuwa hakutabasamu. Miaka ile baada ya vita, hapa Łódź, mji wetu wa viwanda, watu wakiona foleni waliingia kwanza, wakauliza baadaye kinauzwa nini. Wewe ulikuwa ukiambiwa ni siagi, unauliza kwa nini ni siagi. Nyama ikikosekana dukani ulisema, "Kuna jambo." Nyama ikijaa dukani ulisema, "Hapo sasa ndipo kuna jambo."

Lakini mtu uliyemshuku ulimlisha. Bi Genowefa, msimamizi wa jengo letu, alijulikana kwa masikio marefu, na kila mpangaji alishusha sauti akimpita mlangoni. Alipougua kifua, ni wewe uliyemfulia, ukamsugulia ngazi zake zote kabla ya kwenda kazini kwenye kiwanda cha nguo. Ulimpelekea mchuzi wa kiazisukari, ukakaa kitandani pake akinywa, huku macho yako yakizunguka chumba chake kona kwa kona.

Tulikuwa na chumba kimoja na nusu ya jiko. Nusu nyingine ilikuwa ya Bwana Dulęba, kapera mwembamba, karani wa mambo ya fedha, aliyeletwa kwetu na ofisi ya nyumba bila mtu kutuuliza. Alikula mkate na samaki wa chumvi, akavaa koti moja majira yote. Kila ulipotumia sukari uliisawazisha ndani ya kopo, ukachora alama juu yake kwa kidole.

"Bi Leokadia," alikuambia asubuhi moja, "naona umechora kuku kwenye sukari."

"Si kuku. Ni alama."

"Alama ya nini?"

"Ya kwamba naijua sukari yangu, Bwana Dulęba."

"Sukari yote ni moja, mama."

"Wezi ndio husema hivyo."

Alicheka. Ulikasirika zaidi kwa kuwa alicheka.

Baba yetu Roch, dereva wa tramu, alikuwa kinyume chako. Alimwamini kila mtu na alipenda muziki wa dansi. Kipaza sauti cha ukutani kilitupa hotuba na habari za viwanda wiki nzima, kisha Jumamosi jioni kikatoa nyimbo mbili tatu za kuchezeka. Hapo alikushika kiuno mkazunguka meza. Ulicheza vizuri, Mama, na macho yako yalikuwa mlangoni. Ndoto yake ilikuwa redio yake mwenyewe, yenye kitufe cha kuzungusha, achague anachotaka kusikia. Aliacha sigara kwa ajili ya redio hiyo. Akiba aliishonea ndani ya mto, na kwa hesabu yake ingetosha ifikapo Krismasi.

Ndipo ikaja Oktoba ile ya mwaka hamsini.

Bwana Dulęba, mtu wa koti moja, alirudi Jumatano na viatu vya kike. Alhamisi akaja na pasi na ndoo mbili mpya. Ijumaa akapita jikoni amekumbatia miavuli mitatu. Ulikuwa unamenya viazi. Ukaacha.

"Bwana Dulęba, wewe una vichwa vingapi?"

"Kimoja, Bi Leokadia."

"Na miavuli hiyo?"

Alisimama. Alitazama mlango wa ngazi, kisha akakutazama wewe. "Mvua inakuja," akasema polepole. "Ni vizuri mtu awe na kitu cha kushika mkononi. Kitu. Umenielewa?" Akaingia chumbani mwake akafunga.

Ulituambia baadaye kwamba wazo lako la kwanza lilikuwa mtego. Anataka ninunue, kisha aniseme kwa kulangua. Wazo la pili lilikuwa kwamba mtu wa fedha asiyetaka kushika fedha anajua habari za fedha. Mawazo hayo mawili yalikupigania usiku kucha, na asubuhi ya Jumamosi, Baba akiwa kwenye tramu, ulipasua mto.

Hukumwambia mtu. Ulipita mlango wa Bi Genowefa ukiwa umekaza midomo. Ghorofa ya chini yetu ulimkuta Bi Salomea akitundika mazulia ukutani ayapige vumbi, mjane aliyekuwa akiweka akiba ya harusi ya binti yake. Akakusalimu, "Unakwenda wapi mapema hivyo, mama Halszka?" Ukamjibu, "Naenda kutazama bei za kabichi."

Duka la redio lilikuwa tupu. Kumbe hukuwa mwenye pua peke yako. Duka la vyerehani, tupu. Katika duka la ala za muziki kulibaki ngoma moja iliyochanika na kodiani kubwa, nyekundu, yenye mikanda ya ngozi. Muuzaji akakuuliza kama unataka kuijaribu.

"Sitaki kuijaribu," ukasema. "Nataka kuichukua."

Baba aliporudi aliikuta mezani. Sisi watoto hatujapata kumsikia akipaza sauti, si kabla wala baada. "Leokadia! Hiki ni nini? Nani katika nyumba hii anapiga kodiani?"

"Hakuna."

"Redio yangu iko wapi?"

"Subiri, Roch."

"Nisubiri nini? Ikue iwe redio?"

Alikaa na mto uliopasuka mapajani mwake akalia. Na wewe, ulichokuwa nacho cha kujitetea ni miavuli mitatu tu ya mtu mwingine.

Jumapili kipaza sauti kikatangaza pesa mpya. Mishahara na bei vilibadilishwa kwa kipimo kimoja, na noti zilizofichwa majumbani kwa kipimo kingine, kibaya zaidi. Theluthi mbili ya kila akiba iliyokuwa ndani ya mito na soksi iliyeyuka, mtu akiwa bado amevaa nguo za kanisani. Kisha tukamsikia Bi Salomea akipiga yowe. Baba alikutazama, akaitazama kodiani, akakaa chini.

Furaha yetu ilikuwa fupi. Jengo lina masikio, na kodiani haifichiki chini ya kitanda. Kufikia Jumanne kila mtu alikuwa na swali moja: Leokadia alijuaje? Ulipoingia uani kuchota maji, mazungumzo yalikatika. Wewe uliyewashuku wote, sasa wote walikushuku wewe. Ni mtu wa serikali, walisema. Kikulacho ki nguoni mwako. Bi Salomea hakunong'ona. Alikusimamisha ngazini.

"Ulinipita hapa hapa, Leokadia. Nikakuuliza. Ukaniambia kabichi."

"Sikuwa na hakika, Salomea."

"Hukuwa na hakika na pesa, au hukuwa na hakika na mimi?"

Tulikuona ukishika ukuta ukipanda ngazi.

Wanaume wawili wa serikali walikuja Ijumaa saa za chakula. Hawakuvua kofia. Mmoja alisema jirani mmoja mwema ana wasiwasi na familia hii. Hakumtaja. Walitaka jina moja tu: nani alikuambia? Bwana Dulęba alikuwa upande wa pili wa ukuta, na ukuta wenyewe ulikuwa mbao na karatasi. Tulisikia kijiko chake kikiacha kukoroga chai.

Hukumpenda. Uliamini anakuibia sukari. Ungetamka majina yake mawili tu, wageni wangehama meza yetu wakahamia kwake, na yeye asingerudi.

"Hakuna aliyeniambia," ulisema. "Nilitaka kodiani."

"Unaipiga?"

"Naipiga."

"Piga basi, mama, tuburudike."

Uliivaa, Mama. Mikanda uliivaa kinyume. Ulipoivuta ilitoa mlio wa ng'ombe anayezaa, na wewe juu ya mlio huo ukaanza kuimba, kwa sauti yako ya kiwandani ya kushinda mashine, ule wimbo wa kujenga upya mji mkuu tuliokuwa tukipigiwa kila asubuhi. Uliimba ubeti wa kwanza, ukaimba wa pili. Mdogo wa wale wawili alianza kung'ata mdomo. Wimbo wa serikali kama huo mtu angeukatizaje? Walisimama mpaka mwisho, na mkubwa wao akavua kofia.

"Unapiga vibaya sana," akasema.

"Ndiyo maana nimeinunua. Anayejua kupiga ana yake tayari."

Waliondoka. Lakini hawakusahau. Baada ya wiki chache kiwandani walikutoa kwenye kitanda chako cha kufumia, wewe uliyekuwa mfumaji hodari, wakakupeleka chumba cha kuchambua pamba chakavu, mahali ambapo hewa ilikuwa nyeupe. Ulifanya kazi humo mpaka kustaafu. Kikohozi ulichokitoa humo ndicho kilichokulaza mwaka jana.

Bwana Dulęba hakukushukuru. Majira ya kuchipua alihamishiwa mji mwingine, akaacha mwavuli mmoja umeegemezwa mlangoni petu. Uliufungua na kuukagua mshono kwa mshono kabla ya kuturuhusu kuugusa.

Baba alijifunza kodiani. Hakuwa na la kufanya nayo ila kujifunza. Binti wa Bi Salomea alipoolewa Februari iliyofuata, katika chumba cha kufulia, kwa mkate na kachumbari ya kabichi, ulishuka ngazi na Baba bila kualikwa, ukabisha hodi. Bi Salomea alifungua.

"Tumeleta muziki," ulisema. "Na samahani."

"Muziki uingie," akasema. "Hilo la pili nitalifikiria."

Alilifikiria miaka minne. Kisha siku moja akapanda kwetu na sahani ya maandazi ya jamu, akakaa. Uliyakata yote katikati kwanza. Mkacheka nyote wawili mpaka ukakohoa.

Mwaka jana, ulipokuwa bado unaweza kuzungumza, mimi Halszka nilikuuliza lile ambalo nyumba nzima haikupata kuliuliza. Ni nani aliyekusema kwa serikali? Dulęba, ili ajisafishe? Genowefa, uliyemsugulia ngazi? Au Salomea, kwa uchungu wake?

"Ningeweza kujua," ulisema. "Serikali ile ilipoanguka na milango ya kumbukumbu zake ikafunguliwa, watu walikwenda, wakasoma. Sikwenda."

"Wewe, Mama? Wewe unayefungua andazi?"

"Ningejua, ningemchukia mmoja. Bila kujua, niliwakodolea macho wote, na wote nikawapikia."

Kisha ukageuza uso kuelekea ukutani, ukaomba maji, na mara hii ukayanywa tu.

Tunaokukumbuka ni sisi wanao, Halszka na Hieronim. Mkwe wako Kornelia, uliyemkubali baada ya miaka tisa. Wajukuu na vitukuu. Na binti wa Bi Salomea, bibi harusi wa chumba cha kufulia, aliyetuomba asiachwe nje ya safu ya familia.

Lala bila kufungua jicho, Mama. Sisi tupo, na tutakukumbuka siku zetu zote.