Safari ya Kwenda Kwenye Mizabibu

4 Machi

Mwanangu mpenzi,

Hujambo, baba? Mimi sijambo, ila macho. Habari za kazi na za barabarani? Huku paa limeacha kuvuja. Namshukuru Mungu, na jirani yangu mshona viatu aliyepanda juu na nyundo yake.

Nilikwenda kwa daktari wa macho. Ni presha ya macho, na jicho la kulia imeshalila. La kushoto naona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Kasema nikijaliwa nitafika Septemba na mwanga. Sikulia mbele yake. Nililia ngazini.

Sasa sikiliza. Nataka kuona mara moja tena lile jiji nililojifunzia kupiga taipu, kisha nyika, kisha mizabibu. Nilikuwa na miaka kumi na sita, mimi na marehemu mama yako mkubwa, tukikata vichala vya zabibu tangu alfajiri, vidole vinanata mpaka tunashindwa kufungua vifungo vya nguo. Miaka thelathini na tano nimechapa kesi za watu pale mahakamani huku moyo uko kwenye mteremko ule. Wewe kazi yako ni kutembeza wageni kwa gari. Nitembeze na mimi.

Ni mimi, mama yako.


19 Machi

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima. Barua yako niliisoma nimesimama, nikairudia nimekaa. Pole sana, mama.

Tutakwenda. Nimetandika ramani sakafuni, pembe zake nimezikandamiza kwa vikombe. Siku ya kwanza tunatoka jua halijachomoza, mchana tuko jijini, tunakitafuta chuo chako. Siku ya pili tunalala mji wa reli. Mchafu, ila najua hoteli yenye mashuka safi. Kisha siku mbili nyikani. Huko lami inakatika, tunabeba madumu matatu ya maji na tairi mbili za akiba. Duka hakuna, mtu hakuna, ni swala na upepo tu. Siku ya tano barabara inateremka kwa kona kona, na ukitazama kushoto ni mizabibu, mistari kwa mistari, mpaka kwenye kiwanda cha mvinyo. Utakaa mbele. Tuseme Mei, mvua zikiisha.

Mwanao, kitinda mimba wako.


21 Juni

Mama,

Shikamoo. Macho yanaendeleaje? Nimepata barua zako zote tatu. Unisamehe kwa kimya. Gari liko gereji, giaboksi imekufa, na vipuri vinaagizwa mbali. Tusogeze mpaka Agosti. Ndipo zabibu zinapoiva, kwa hiyo huenda ni heri. Begi usilifungue.

Mwanao.


2 Oktoba

Mwanangu,

Hujambo? Usishtuke kuona taipu. Nimeitoa taipureta uvunguni kwa sababu kalamu siioni tena, lakini vidole havijasahau njia. Ukikuta neno limeharibika, ujue mkono ulianzia kitufe cha jirani.

Jicho la kushoto lilizima mwezi uliopita, tarehe kumi na nne, mchana, nikichambua maharage. Nilidhani ni wingu limepita.

Kwa hiyo gari usihangaike nalo. Siulizi safari, nakuuliza wewe. Agosti hukuandika, Septemba hukuandika. Mtoto niliyemzaa mimi hakai kimya hivi kwa ajili ya giaboksi. Kulikoni, baba? Anayenisomea ni mshona viatu, ila mdomo wake una kufuli. Andika tu.

Mama yako.


15 Oktoba

Mama,

Shikamoo. Naandika tu, kama ulivyosema.

Sina gari. Sijashika usukani mwaka wa tatu huu. Nilikuwa narudisha gari kutoka nyikani, wageni tumeshawashusha, nimebaki na mpishi wetu wa kambini, yule niliyekuwa nakuandikia vichekesho vyake. Nilikuwa nimeendesha saa kumi na tisa. Akaniambia, "Kaka, simama ulale kidogo." Nikamjibu, "Nyamaza, tumeshafika." Nikasinzia. Gari likapinduka mara mbili. Mimi nilivunjika mkono. Yeye alikufa, na neno lake la mwisho lilikuwa kuniuliza kama nimeumia.

Leseni walininyang'anya. Sasa niko kiwanda cha soda, naosha chupa. Barua yako ilipofika nikashindwa kukwambia. Nilipokuwa nakuandikia habari za ile ramani nilikuwa naamini, wallahi naamini, mpaka nilipomaliza kulamba bahasha. Nimekupotezea mwanga wako wa mwisho, mama. Sijui niombe radhi kwa maneno gani.

Mwanao.


23 Oktoba

Mwanangu,

Mshona viatu alipofika kwenye habari za mpishi alianza kuikunja karatasi. Nikamwambia, "Soma, chai yangu umeshakunywa." Akasoma mpaka mwisho, kisha akaenda kukaa nje.

Nimekasirika, na uniache nikasirike. Si kwa ajali. Huo ni mzigo wako, nami sina bega la kukupokea. Nimekasirika kwa sababu mabasi yapo! Ungesema, Machi hiyo hiyo tungepanda basi, mimi dirishani, wewe unanishikia begi. Nilitaka mizabibu mimi, sikutaka gari.

Njoo Novemba. Tutakwenda hivyo hivyo. Wewe utaona, uniambie.

Mama yako.


9 Desemba

Mwanangu,

Hujambo? Ulifika salama? Mimi uvimbe wa miguu umeshuka.

Najua umeondoka na donge. Lakini ulinieleza vizuri. Jijini uliposema chuo changu sasa ni duka la magodoro, nilicheka kweli. Nyikani, basi lilipoharibika tukashuka, niliusikia upana wote ule kwa masikio, nikashukuru. Mbele kidogo ulinibana mkono mpaka nikaumia, nikajua ni hapo gari lilipopinduka.

Kisha kule mteremkoni ukaacha kunieleza. Nikakuuliza, "Zabibu wameshakata?" Harufu ilikuwa ya saruji. Ungeweza kunidanganya, ningejuaje? Ukasema, "Mama, mizabibu hakuna. Wameifyeka yote. Ni visiki, na nyumba zinajengwa." Nikakaa chini pale pale kando ya barabara, nikamlilia dada yangu kama amekufa jana. Nilikuchukia kidogo, wewe na ukweli wako. Imepita.

Ila kuna mtu hujamtaja hata mara moja: mke wa mpishi. Umewahi kumwona? Kama bado, usiniandikie mpaka umwone.

Mama yako.


17 Februari

Mama,

Shikamoo. Nimekwenda. Imenichukua Jumapili nne. Tatu za kwanza niliishia kituo cha basi.

Anakaa ghorofa ya tatu, anashona sare za shule. Alifungua mlango ana pini mdomoni. Alinitambua. Nikaanza yale niliyoyapanga njiani, akainua mkono. Akazitoa pini moja moja, akazichoma kwenye kola. Kisha akasema, "Waliniambia alikufa papo hapo. Ni kweli?"

Kusema ndiyo lilikuwa jambo dogo, mama. Nikasema, "Hapana. Alikaa kama saa nzima." Akauliza alisema nini. Nikamwambia yote: alivyoniomba nisimame, nilivyomjibu, na lile swali lake. Hakulia. Akasema, "Toka."

Nikatoka. Nimefika ghorofa ya chini nikamsikia akiniita toka juu, ameinama kwenye kingo za ngazi, sauti inakwaruza: "Jumapili uje tena. Sijamaliza kukuuliza."

Sitaki, mama. Lakini nitakwenda.

Mwanao.