Vidole Viwili vya Maji

Qurus, 4 Juni 2023
Asubuhi ukungu na baridi. Hakuna mvua.

Paker,

Takwenya. Hujambo wewe, baba mkwe wako Mzee Kasaine, na watoto? Sisi huku wazima, ila kikohozi cha msimu. Kondoo uliyenipa siku naondoka ameshazoea baridi ya Karatu. Majirani wanacheka ninavyokuita. Nimewaeleza kwamba kwenu aliyetoa kondoo na aliyepokea hawaitani tena kwa majina yao, huitana Paker.

Ripoti imekubaliwa. Ile miezi minane tuliyopima chemchemi yenu ya moto haikupotea bure. Mradi wa jotoardhi utachoronga kisima kimoja kwa juu yake. Mvuke utazungusha mtambo, na umeme utaanza kufika kwenye zahanati yenu. Hakuna tena kuzaa kwa tochi, kama ulivyomzaa Nashipai.

Ulisema Mzee anauliza kama ng'ombe watakosa maji. Mwambie hayatapungua. Hilo nakuandikia kama Paker, siyo kama mtu wa mradi.

Endelea kupima kila asubuhi kabla mifugo haijanywa: kipimajoto kwenye jicho la chemchemi, kijiti chenye alama za kina kwenye dimbwi maji yanakopoa.

Paker wako,
Hyasinta


Bomani, 30 Julai 2023

Paker,

Takwenya. Sisi wazima, mifugo wazima. Mtandao hakuna, kwa hiyo barua naituma kwa lori la magadi kama kawaida.

Watu wa mradi walikuja na karatasi na soda. Mzee hakugusa chochote. Nikamsomea barua yako, akasema nirudie. Akauliza, "Ameandika mwenyewe, huyo Paker wako?" Nikasema ndiyo. "Basi wachoronge. Kondoo wetu yuko kwake."

Mtambo wa kuchoronga unanguruma mpaka mbuzi wanakataa kulala. Mzee anasema mlima una gesi tumboni, wanaukanda. Shemeji Lekoko ameshanunua pasi ya umeme. Kila jioni anaipitisha kwenye shuka ikiwa baridi, anasema anazoeza mkono.

Jicho: nyuzi 81. Kijiti: alama tisa.

Paker wako,
Naserian


Bomani, 22 Septemba 2023

Paker,

Takwenya. Tu wazima. Nyuzi 74, alama sita. Nilidhani nasoma vibaya, nikampa Nashipai asome, naye akasoma hivyo hivyo. Kisima kimefika chini kabisa, kinatoa maji ya vuguvugu. Wachorongaji wameacha kutusalimia. Nijibu wewe.

Paker wako,
Naserian


Bomani, 15 Oktoba 2023

Paker,

Takwenya. Au barua haikufika? Alama tatu. Ng'ombe wanakunywa kwa zamu na wa mwisho analamba tope. Mzee ananitazama nikirudi na kijiti. Pasi ya Lekoko sasa inagongea vigingi.

Paker wako,
Naserian


Qurus, 6 Novemba 2023
Asubuhi jua kali, upepo wa vumbi.

Paker,

Takwenya. Nisamehe kwa kuchelewa. Natumaini watoto hawajambo.

Mhandisi anasema kupungua ni kwa sababu ya kiangazi, mvua zikinyesha maji yatarudi. Kisima hakina joto la kutosha kuzungusha mtambo. Kitazibwa kwa saruji, na mradi unahamia kwingine. Umeme hautakuja. Nasikitika kukuandikia hivyo. Subirini mvua.

Paker wako,
Hyasinta


Bomani, 14 Januari 2024

Hyasinta,

Mvua zimenyesha wiki sita. Majani yamefika magotini, na chemchemi haijarudi. Nimeingiza mkono kwenye jicho mpaka begani. Ni baridi.

Mvua zikikatika hatutakuwa na maji ya kiangazi. Kesho kutwa tunahamia Oloipiri kwa ndugu zake mama mkwe. Wao pia maji yao ni machache, wametuambia mapema.

Kwenye kikao wazee waliuliza ni nani aliyesema maji hayatapungua. Mzee alisimama, akasema, "Mimi." Hakukutaja.

Kipimajoto cha mradi nakirudisha kwa lori. Kijiti nimekitia motoni. Kondoo baki naye.

Naserian


Qurus, 3 Machi 2024
Asubuhi mawingu, manyunyu kidogo kuanzia saa mbili.

Paker,

Nakuita hivyo kwa sababu sijui njia nyingine ya kuanza.

Mimi huandika kila siku kwenye shajara, unajua, ulikuwa ukinitania. Tarehe 19 Machi mwaka jana nimeandika hivi: "Wametoboa tundu la majaribio. Dimbwi limeshuka vidole viwili." Siku ileile mifugo yote ya kijiji cha Arash ilipita pale kutoka kwenye chanjo. Nikajiambia wamekunywa wao. Kwenye ripoti sikuviandika vidole viwili. Kesho yake havikurudi, na hiyo pia sikuiandika. Niliutaka ule umeme wa zahanati kuliko nilivyotaka kujua.

Uliponiandikia alama sita, nilifungua ukurasa huo siku hiyohiyo. Ndiyo maana nilichelewa kukujibu. Mhandisi hakuwahi kuuona. Aliyosema ya kiangazi niliyanakili nikijua.

Mwambie Mzee asibebe neno langu. Aseme ni mimi, jina langu lote, Hyasinta wa Qurus.

Kondoo amezaa tarehe 27 Februari, mtoto jike, mweupe mwenye kichwa cheusi. Ni desturi yenu mtoaji apewe habari.

Paker wako

Baadaye: Mchana niliipeleka barua kwa dereva wa lori la magadi. Amesema bomani pamebaki miiba tu, na Oloipiri alishauliza safari iliyopita. Akajibiwa hapokei mtu barua ya Hyasinta. Aliirudisha mkononi mwangu bila kuikunja. Nimeiweka kwenye shajara, ukurasa wa 19 Machi. Nalala sasa, saa kumi na dakika arobaini alfajiri.