Bahasha ya Kaki Ndani ya Debe

Ipuli, Tabora
Jumapili, 15 Septemba 2024

Kwa wifi yangu mpendwa Agnetha,

Shikamoo wifi. Natumaini barua hii itakukuta umeamka vizuri, na kwamba goti limekupa nafuu tangu uanze kulichua kwa yale mafuta ya jirani yako Advera. Huku Ipuli tupo. Nasema tupo kwa mazoea tu, maana tuliobaki ni mimi na kuku watatu. Asubuhi bado naweka vikombe viwili mezani, maji yakichemka nakumbuka, kimoja nakirudisha kabatini. Miezi mitatu sasa, na mkono haujazoea.

Barua nimempa binti yako Flavia aje nayo kwa treni mpaka hapo Bukene. Najua utauliza kwa nini sikupiga simu. Nilipiga, wifi. Jumamosi ulipopokea nikakuuliza habari za mbuzi, ukaniambia mmoja amezaa mapacha, nikakupongeza, nikaaga. Sikuwa nimepiga kwa ajili ya mbuzi.

Nianze na sherehe, kwa sababu uliniambia hutaki kuisikia na najua unataka. Ilifanyika Alhamisi, katika ukumbi mmoja hapa mjini. Waliotunukiwa kwa kazi ya maisha yao walikuwa watatu: profesa mmoja wa udongo, mama mmoja aliyetafiti nyuki, na Silasi wetu. Nilivaa kile kitenge cha bluu ulichonipa. Viatu vilinibana, nikavivua chini ya meza, nikakaa miguu peku kwenye sherehe ya wasomi. Silasi angecheka.

Walisoma wasifu wake. Walisema miaka thelathini na minne ya utumishi, machapisho ishirini na sita, mbinu shirikishi za kudhibiti wadudu waharibifu wa nafaka. Maneno yalikuwa marefu na aliyesoma alikuwa na haraka. Mimi nilikuwa nangoja waseme alivyokuwa akiweka sikio kwenye kihenge. Unakumbuka? Anafika kwa watu, salamu hajamaliza, anakwenda kuegemeza kichwa kwenye kihenge cha mahindi na kutunyamazisha kwa mkono. Halafu anasema taratibu, anakula huyo, anakula. Wakati ule dumuzi, yule mdudu wa mahindi, ndio kwanza anaanza kutumaliza huku kwetu, watu wanamwita kwa jina la lori kwa jinsi anavyosaga, na mume wangu alikuwa akimsikiliza kama wengine wanavyosikiliza taarifa ya habari.

Wala hawakutaja kihenge chako. Labda hawajui. Mimi najua, nilikuwepo, bibi arusi wa miezi minne. Silasi alipowaambia akina mama wa Bukene wapukuchue mahindi kabla ya kuyahifadhi, walimcheka. Walisema msomi ametuletea kazi ya pili, basi amlete na mkewe apukuchue. Nikaletwa, nikapukuchua, vidole vikatoka malengelenge, na wewe ukanifunga vitambaa huku ukiniuliza kama kwetu hatuna mahindi. Ni wewe peke yako uliyempa vihenge viwili, kimoja afanye atakavyo, kingine kibaki vile vile, mahindi na magunzi yake, apate cha kulinganishia. Baada ya miezi saba kile cha pili kilikuwa unga. Ulikikomba kwa viganja, na wanao wakala michembe ya viazi vikavu mpaka mavuno. Silasi alilia mbele yako, mtu mzima. Ukamwambia, si ulitaka kujua? Sasa umejua.

Alilisimulia hilo maisha yake yote. Kila alichoandika baadaye kimesimama juu ya kihenge kile.

Sasa nakuja kwenye jambo lenyewe, wifi, na naomba ulisome ukiwa umekaa.

Pale ukumbini niliona kila mtunukiwa ana mtu pembeni yake. Profesa alikaa na mzee Awadhi, dereva wake wa zamani, amevaa koti lililomzidi. Yule wa nyuki alikaa na mama yake mzazi, kikongwe kabisa, anasinzia. Pembeni yangu palikuwa na kiti kitupu. Nikadhani ni kwa heshima ya marehemu. Mkuu wa kituo cha utafiti, Bwana Nassibu, alipokuja kunipa pole nikamshukuru kwa kile kiti. Akaonekana kushangaa. Akasema kiti hicho ni cha yule mtu aliyembeba mtafiti katika kazi yake. Kila mmoja alitakiwa amtaje kwa maandishi. Wenzake walijibu, Mzee Silasi hakujibu, nao hawakutaka kumchagulia. Nikamuuliza aliandikiwa lini. Akasema mwezi wa tano, na simu yake waliipiga ikawa haipatikani.

Namba ile ilikufa tangu mwaka juzi, unajua. Ila barua, wifi, ilifika.

Unakumbuka vile watu wa pensheni walivyomsumbua na uhakiki. Kila mara aende akaonekane kwamba yu hai. Mwaka mmoja alisimama kwenye foleni tangu asubuhi, akafika dirishani, wakamwambia kwenye orodha yao ameandikwa marehemu. Alirudi hapa akaketi, akaniambia, Dafrosa, mchemshie marehemu chai. Tulicheka, lakini chai hakuimaliza. Tangu siku hiyo akaniamuru kwamba bahasha yoyote ya kaki yenye mhuri nisimsomee, nitie kwenye debe. Macho yalikuwa yameshamwishia, mimi ndiye niliyekuwa nikimsomea kila kitu. Debe ni lile lake la sampuli, lenye kifuniko. Nikawa natia.

Mwezi wa tano kijana alileta bahasha ya kaki yenye mhuri. Silasi alikuwa kitandani, akasikia mlango, akauliza kama kuna barua. Nikamwambia ni wale wale wa uhakiki. Akatabasamu akasema, waambie bado nipo. Nikaenda nikatia kwenye debe. Sikuigeuza hata kuona upande wa pili, na barua iliyomo imeandikwa Kiswahili chepesi ambacho hata mimi wa darasa la saba nimekisoma bila kukwama. Aliishi wiki nne baada ya pale. Katika wiki hizo nne aliniuliza mara mbili kama ninadhani kituoni wanamkumbuka. Nilimwambia watu wana shughuli nyingi.

Alhamisi niliporudi kutoka ukumbini nilifungua debe kabla sijavua kitenge. Ilikuwa ya juu kabisa. Wanamwita ndugu yetu mpendwa. Wanasema kituo hakijasahau.

Na wewe, wifi, siku ya mazishi ulisimama mbele ya watu wa kituo ukawaambia wamemwacha ndugu yako miaka tisa bila hata salamu, na sasa wanamletea maua asiyoyaona. Mumeo, Mzee Raymundi, alitaka kukutuliza, ukamwambia aketi. Walirudisha shada kwenye gari, Bwana Nassibu mwenyewe amelishika. Nilikuwa mkekani, nikasema moyoni, afadhali amesema yeye, mimi singeweza. Miaka tisa walinyamaza kweli, hilo siwafutii. Lakini mwishoni walimwandikia, na aliyenyamaza mwishoni ni mimi. Uliwafukuza watu kwa kosa lililokuwa ndani ya nyumba yangu, na kwa hasira ile ile ukakataa kuja kwenye sherehe, ukakiacha kiti ambacho, sasa najua, kilikuwa chako.

Sikuombi uniambie si kitu. Ukiniambia hivyo nitajua unanionea huruma tu. Ukitaka kunigombeza, nigombeze, na ukitaka kukaa kimya mpaka msimu wa kupanda nitaelewa. Nakuomba moja tu, usiwachukie wale watu tena. Nichukie mimi kwanza, halafu tuone.

Nyuma ya barua yao kulikuwa na karatasi ya kujaza, yenye mstari mmoja wa jina na mmoja wa sababu. Nimeijaza jana. Mwandiko wangu si mzuri, lakini unasomeka. Kwenye jina nimeandika Agnetha Gerson, wa Bukene. Kwenye sababu nimeandika, alitoa kihenge. Kesho asubuhi nitaipeleka kituoni kwa miguu yangu na kumweleza Bwana Nassibu barua yake ilikokuwa. Najua sherehe imekwisha na kiti kimerudishwa stoo.

Ngao waliyomtunuku Silasi, Flavia anakuja nayo. Ni ya kioo, nimeifunga ndani ya khanga mbili. Usiipokee kama zawadi kutoka kwangu. Iweke pale kilipokuwa kihenge cha pili.

Wasalimie wajukuu wote, na Mzee Raymundi mwambie koti la Silasi nimemtunzia. Wewe mwenyewe usitembee na goti hilo bila fimbo.

Ni mimi, ambaye ungali na haki ya kumwita wifi au kuacha,

Dafrosa