Maua ya Mossie kwenye Kaburi la Iva

KAMATI YA MAKABURI, KANISA LA STONY BRANCH, TENNESSEE

Kumbukumbu za kikao cha Alhamisi, 24 Aprili 2025, ukumbi wa chakula wa kanisa, saa 12:30 jioni.

Waliohudhuria: Wendell Stooksbury (Mwenyekiti), Jewel Ledford (Mjumbe), Odell Frazee (Mjumbe, mkata nyasi), Nadine Purkey (Katibu).

Asiyehudhuria: Mchungaji Truitt, kwa udhuru wa mgongo. Alionekana mtoni na ndoano saa tisa.

KUMB. NA. 1/2025: KUFUNGUA
Mwenyekiti alifungua kikao kwa sala ndefu. Alieleza kwamba zimebaki wiki tatu na ushee kufika Jumapili ya Mapambo, ambapo kila ukoo husafisha makaburi yake, huyawekea maua na kula pamoja uwanjani.

KUMB. NA. 2/2025: ALBAMU YA CARLENE
Mwenyekiti alieleza kwamba albamu ya pili ya Carlene Ledford, binti wa kaka yake Bi. Jewel, imeuzwa zaidi kuliko ya kwanza, na wimbo unaopigwa redioni kutwa ni ule wa bibi yake Mossie, mama wa Bi. Jewel, aliyelala chini ya mwerezi. Mashabiki wanatoka hadi Ohio kuleta maua. Tatizo ni kwamba wanayaweka kwa Iva Purkey, mama mzazi wa Katibu.

Bw. Odell alikumbusha kwamba zamani mierezi ilikuwa miwili. Wa Mossie uliangushwa na dhoruba ya 2003, Carlene akiwa hajaanza shule, ukabaki wa Iva. Carlene alipokuja kupigwa picha ya jalada la albamu, aliketi chini ya mwerezi uliopo, jiwe lililofutika jina likiwa mgongoni mwake. Bw. Odell alilalamika pia kwamba maua ya plastiki yamekwama mara mbili kwenye visu vya mashine, na kwamba aliokota chupa ya wiski ambayo haikuwa tupu. Alipoulizwa iko wapi, alisema tuendelee.

Mwenyekiti alipendekeza kibao chenye mshale wa kuelekeza kwa Mossie. Alihoji pia ilikuwaje wapiga picha hawakusahihishwa, ilhali Katibu hufagia pale kila Jumanne. Katibu alijibu kwamba siku hiyo alikuwapo.

"Uliwaona, Nadine, ukanyamaza?" aliuliza Mwenyekiti.

"Nilinyamaza. Mama hajapata mgeni zaidi yangu tangu azikwe, miaka sitini na moja. Nikasema, wacha wakae naye kidogo."

Katibu alimwomba radhi Bi. Jewel mbele ya kikao. Bi. Jewel aliendelea kukata pai.

KUMB. NA. 3/2025: MAMBO YA 1961
Mwenyekiti alisema haipendezi wageni kuheshimu kaburi la mtu aliyefukuzwa kanisani. Katibu alikumbusha kwamba aliyesimama mwaka 1961 kulisoma jina la Iva mbele ya waumini alikuwa Shemasi Stooksbury, baba wa Mwenyekiti. Kosa la Iva lilikuwa kupiga gitaa na kuimba kwenye baa ya barabarani kila Jumamosi, nyimbo za aina ileile anayoimba Carlene. Mwenyekiti aliagiza maneno hayo yasiandikwe. Yameandikwa.

Hapo Bi. Jewel akaweka kisu chini.

"Wendell, mama yangu ana watoto saba na wajukuu chungu nzima, hana shida ya maua. Na yeye mwenyewe alikuwa anachungulia dirishani pale baa amsikilize Iva. Zile nyimbo alizotuimbia jikoni, mpaka zikamfikia Carlene, unadhani alizitoa wapi? Kwenye kitabu cha tenzi?"

Katibu hakuwa akilijua jambo hili. Katibu alilia, na kikao kilisimama kwa dakika chache.

AZIMIO: Kibao kisiwekwe. Bw. Odell ayasogeze maua kabla ya kukata nyasi. Katibu amwandikie Carlene ukweli wote kwa mkono wake kabla ya Jumapili hii. Bi. Jewel aliongeza: "Mwambie siku ya Mapambo aje awaimbie wote wawili, ila aanze na Iva." Watatu waliafiki. Mwenyekiti hakupiga kura.

KUMB. NA. 4/2025: KUFUNGA
Kikao kilifungwa saa 2:10 usiku, pai ikiwa imeisha. Mwenyekiti alichukua kumbukumbu hizi akazisome nyumbani kabla ya kusaini. Zilirudi Jumatatu.

N. Purkey
Katibu

W. Stooksbury
Mwenyekiti
Nimezisoma zote, pamoja na yale niliyokataza. Yabaki.