Maji ya Shabu

Jumatatu, 12 Mei 2025

Siku ya thelathini ya eda. Zimebaki karibu mia. Mvua tangu alfajiri.

Mdogo wangu Yasmin amenitumia daftari hili kutoka Kibaha. Andika, dada, usije ukaanza kuongea na kuta. Haya, naandika.

Leo shemeji yangu Mfaume ameleta maboksi ya studio. Mwenye fremu ya duka pale Kwa Mathias amepata mpangaji mwingine, muuza simu. Maboksi kumi na moja! Ya viatu, ya biskuti, moja la televisheni. Negativu zote za marehemu mume wangu tangu aanze kupiga picha mwaka tisini na sita. Yamepangwa humu chumbani, ukuta mzima. Nikauliza, na mashine ya kukuzia picha? Mfaume akajibu kutoka nyuma ya pazia — haingii, niko eda — kwamba ameihifadhi. Na ufunguo wa nyumba yetu ya Kibaha? Ameuhifadhi.

Sikutaka kukalia eda huku Kisarawe. Mama mkwe ndiye aliyesema, siku ya tatu ya msiba, mjane wa Mudathir hawezi kukaa peke yake kama mtu asiye na watu. Nilikuwa nalia. Nikaitikia.

Jumatano, 14 Mei

Nimefungua boksi la kwanza. Harufu ya siki na kabati lenye ukungu. Negativu zimegandamana, mabunda mabunda, kama mikate iliyolowa.

Mudathir aliwaambia wateja: picha haikai kwenye plastiki, plastiki ni kitanda tu. Picha iko kwenye jelatini — utando mwembamba kama ule wa juu ya maziwa yaliyopoa. Humo ndimo punje za fedha zimeshikwa. Ukilowanisha, jelatini inavimba, dawa inaingia na kutoka, punje hazisogei. Ikikauka inazibana. Ubaya wake haiachi kunywa maji. Hewa ya masika tu inatosha: inavimba tena, inanata, inaota ukungu. Ukungu unaila. Ni chakula, basi tena.

Miaka kumi na saba nimekaa naye kwenye chumba cha giza. Nilikuwa nasafisha picha vizuri kuliko yeye. Alikiri mwenyewe.

Ijumaa, 23 Mei

Mfaume ametoka kuswali Ijumaa, akaja hadi kwenye pazia.

— Shemeji, filamu hizi zinatengenezwa na nini?

Nikasema plastiki na jelatini.

— Na jelatini inatoka wapi?

Ngozi na mifupa. Ya ng'ombe, nikasema.

— Na ya nguruwe, shemeji. Nimesoma. Nimemuuliza na mtu aliyesoma kemia. Mama anaswali chumba cha pili hapo!

Nilitaka kumjibu kwa ukali. Lakini sauti ilikuwa inamtetemeka. Akasema polepole, kaka yangu amekufa na mikono ileile iliyoshika najisi.

Mikono ileile ninayo mimi.

Jumamosi, 24 Mei

Nimenawa mara ngapi leo? Sijui. Mvua.

Alhamisi, 29 Mei

Nimempigia simu Ustadh Abdulkadiri wa Kibaha. Anasema wanavyuoni wamehitilafiana. Kitu kikigeuka kabisa asili yake wapo wanaokihesabu twahara, na hata hivyo hakuna anayejua ile ni ya mnyama gani. Hukuila, mama. Nawa, swali, tulia. Nimelia baada ya kukata simu — kwa raha!

Nimemwambia Mfaume. Ameshika neno moja tu: "wapo". Basi na wapo wanaokataa. Jumapili anachoma maboksi yote.

Kisha hakuondoka. Akakohoa. Akasema maboksi yakitoka chumba kitakuwa na nafasi. Akasema nikimaliza siku zangu nisiwe na wasiwasi wa pa kukaa, mwanamke mwenye heshima hakosi wa kumsitiri.

Mjane wa eda haposwi waziwazi, na Mfaume anaijua dini. Alifika palepale pa mwisho panaporuhusiwa, akasimama. Nikajifanya natafuta kitu chini ya kitanda.

Jumapili, 1 Juni

Maboksi matatu yalikwishafika uani, yamebebwa na watoto wa jirani. Mafuta ya taa, kiberiti, majani makavu. Mimi dirishani. Siruhusiwi kutoka, na hata ningetoka — ningefanya nini?

Mama mkwe akatoka jikoni, Bi Mwanamvua mwenyewe, mikono ina unga. Hakumtazama mwanawe. Akaniuliza mimi, dirishani:

— Humo mna za mwaka gani?

— Zote, mama. Tangu tisini na sita.

Akakalia boksi. Hivihivi, kama anakalia kigoda.

Mfaume akasema, mama, ni nguruwe.

— Nimekusikia. Rudisha ndani.

Jioni mama mkwe amekuja kuniambia. Alikuwa na binti, kitinda mimba wake, Zuwena. Alifariki mwaka tisini na nane, malaria, miaka tisa. Mudathir alimpiga picha sikukuu ya Idi akiwa na gauni la njano. Picha ilikuwa moja tu ukutani, paa lilipovuja ikaharibika. Akamwomba Mudathir amsafishie nyingine. Mudathir akasema negativu imepotea.

— Itafute, Hamisa. Sura yake imenitoka. Naona gauni tu.

Jumanne, 10 Juni

Nimeipata! Haikupotea. Bahasha ya kaki, mwandiko wake: IDI 98, NYUMBANI. Ndani ni bunda moja lililogandamana, unene wa kidole. Na pembeni kuna mikwaruzo ya kucha. Mudathir alijaribu kulibandua. Akashindwa, akamwambia mama yake imepotea. Miaka yote ile hakunigusia. Maskini mume wangu.

Sijathubutu kuligusa. Nimejaribu kwanza bunda jingine, harusi ya watu wa Mlandizi. Nikaliloweka kwenye beseni. Maji ya tangi yana joto la jua, na jelatini iliyoliwa na ukungu haina nguvu. Dakika kumi maji yakawa meupe. Bibi harusi, bwana harusi, wasimamizi — uji mtupu.

Mama anapita mlangoni kila saa. Bado? Bado, mama.

Jumamosi, 28 Juni

Mabunda manne yamekufa mkononi mwangu. Mfaume haongei nami, ila kila asubuhi naikuta barafu mlangoni, kwenye ndoo. Hakuna aliyemtuma.

Barafu inasaidia, haitoshi. Leo nikifua ndipo nimekumbuka: msimu wa joto Mudathir alikuwa anatia shabu kwenye dawa. Ilikuwa inaikaza jelatini, kama ngozi inavyokazwa kwa watengeneza viatu, isiyeyuke kwenye maji ya moto ya Kibaha.

— Mama, una shabu?

— Ya kwapani au ya kusafishia maji?

Amecheka! Mara ya kwanza nimsikie akicheka tangu msiba. Ameleta jiwe kubwa kama ngumi.

Alhamisi, 3 Julai

Beseni bado liko mezani, sijalimwaga.

Asubuhi, baridi ya Julai, maji ya barafu, shabu nimeisaga nikaikoroga mpaka maji yakakwaruza ulimi. Nikatumbukiza bunda la Idi. Nikamwambia mama akae. Saa nzima hatukugusa kitu. Alikuwa akivuta uradi, mimi nikihesabu.

Ukanda wa kwanza ulitoka mtupu. Wa pili na wa tatu ukungu mtupu. Ukanda wa nne una picha sita. Ya kwanza mbuzi. Ya pili watu wasio na vichwa. Nilipofika ya tano ikaanza kuteleza. Sikuivuta! Jelatini yenyewe ilijivua kutoka kwenye plastiki, ikaelea, ngozi ndogo ya kijivu, inajikunja ncha kama jani. Ukiipiga pumzi inachanika. Nimewahi kuliona jambo hilo mara moja tu, na ile ilipotea.

— Mama, kioo! Kile cha dirisha kilichovunjika, haraka! Kizamishe chini yake. Usiguse juu. Pandisha polepole. Polepole, mama!

Mwanamke wa miaka sabini na mbili, mikono haikutikisika hata kidogo. Ikatua kwenye kioo. Nikainyoosha kwa unyoya wa kuku.

Mama akaitazama kwenye mwanga. Uso mweupe, meno meusi. Akasema, huyo si mwanangu, hilo ni jini. Nikaipiga kwa simu, nikabadilisha rangi ziwe kinyume. Nikampa.

Akaisogeza simu karibu na macho. Kisha:

— Ana pengo.

Nikasema ndiyo, la juu.

— Nilisahau kama alikuwa na pengo.

Akaweka simu kifuani, akaanza kulia kwa sauti ya chini sana, kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto. Nami nikalia. Nililia ya kwangu.

Jumapili, 20 Julai

Mfaume amepeleka picha steshenari, wameisafisha kubwa, iko sebuleni. Alipoiona mara ya kwanza alisimama nje ya pazia langu. Nikamsikia anavuta kamasi. Alikuwa na miaka kumi na miwili Zuwena alipofariki. Akasema tu, ahsante, shemeji. Nguruwe hatajwi tena.

Wageni wanakuja kuiona. Mama anawasimulia shabu, kioo, unyoya wa kuku. Amekwishaongeza chumvi: sasa picha iliruka nje ya beseni yenyewe! Bibi mmoja kaja tangu Maneromango na bahasha ya mke wa kaka yake. Wa pili kaleta boksi. Mama anapokea yote. Ananiletea humu.

— Atawafanyia, anawaambia. Huyu hana haraka.

Jumapili, 17 Agosti

Keshokutwa natoka eda. Yasmin atanifuata. Nimepanga mkoba: nguo, vikombe viwili vyangu, kitambulisho. Chumba cha mbele cha nyumba yetu kinatosha kuwa studio. Picha za pasipoti, na hizi za kufufua. Watu wapo!

Nimemuomba Mfaume ufunguo. Amesema tutaongea, shemeji. Na mashine? Tutaongea.

Jumanne, 19 Agosti

Nimeogeshwa saa moja asubuhi. Wanawake tisa, dua, pilau. Nimejipaka wanja, nimetia manukato. Nimesimama uani jua likanipiga usoni nikahisi kizunguzungu.

Kisha mama amenishika mkono mbele ya wote. Akasema Mungu alimchukulia watoto wawili akamletea mmoja. Huyu hapa! Mkwe wangu haendi popote, maboksi bado saba, mabinti wa watu wengi wamo humo wanasubiri. Wanawake wakapiga vigelegele. Alinibusu kichwani. Anamaanisha kila neno. Ndiyo maana sikuweza kusema kitu. Angekuwa mtu mbaya ningesema!

Nimeingia chumbani kuchukua mkoba. Sikuukuta kitandani. Nguo zimepangwa kabatini, zimekunjwa vizuri. Vikombe viko dirishani.

Mfaume yuko humu ndani. Leo amevuka pazia. Amekuja na mbao, nyundo na msumari mdomoni, anatengeneza rafu ukutani, maboksi yasikae chini yakanywa unyevu. Anafanya kazi nzuri. Amekwangua na ukungu. Mashine ya kukuzia picha ipo pale mezani, imefutwa vumbi. Ufunguo sijauona.

Mara moja tu amegeuka. Amesema, mimi si mtu wa maneno mengi, Hamisa. Hakusema shemeji.

Yasmin amepiga. Yuko stendi ya Kisarawe, ameshikilia bajaji. Dada, nije hapo nyumbani au unatoka mwenyewe? Nimemwambia subiri kidogo. Amepiga tena. Sasa ametuma ujumbe: dereva anasema tumuache aende?

Naandika huku nimesimama. Mama anaita kutoka sebuleni, wageni wanataka kuniaga — wao ndio wanaondoka. Mfaume ameinua ubao ukutani. Anauliza rafu ya juu aiweke wapi, niweze kufika bila kupanda kigoda.

Nimenyoosha mkono, nimemwonyesha. Anapigilia.

Simu inaita tena