Chungwa Haliliwi Njiani

Mpendwa Bi. Borghild,

Naomba msaada wako, tena naomba unijibu gazetini kabla ya Pasaka, maana nina miaka themanini na saba, moyo wangu umechoka na daktari ameacha kunidanganya, na kama jambo hili lingekuwa langu peke yangu nisingekusumbua, ningekufa nalo kimya kama wafanyavyo watu wenye adabu, lakini limeota miguu, na Jumamosi ya Pasaka litapanda mlima pamoja na mjukuu wangu.

Nilikuwa mwalimu wa jiografia, niliwafundisha watoto wa bonde hili jinsi theluji inavyolala na jinsi inavyoamka, na katika ukoo wetu mimi ndiye niliyeanzisha desturi ya chungwa: mtoto akitimiza miaka sita hupandishwa mlima Gråhøa wakati wa Pasaka, kwa skii, zile mbao ndefu za kutelezea thelujini, zilizobandikwa ngozi chini ili zisirudi nyuma, na mfukoni mwa baba yake hukaa chungwa moja ambalo haliliwi njiani, si kwa uchovu, si kwa machozi, huliwa kileleni tu, na asiyefika hurudi nalo na kuliweka mezani watu wote walione. Wakati ule niliona hayo ni malezi.

Mwanangu Halvard alipofika umri huo nilipanda naye, na tulipokuwa kwenye bega la mlima, mbali chini ya kilele, ukungu ukatushukia, mteremko wa juu ulikuwa umeshalainishwa na jua, nikasikia theluji ikiguna chini ya skii, mguno uleule wa theluji inayotaka kuporomoka niliowaeleza wanafunzi wangu mwaka baada ya mwaka, na mtoto alikuwa amejikojolea na analia, basi nikaamua kugeuka. Ila kabla ya kugeuka nilimwonyesha rundo la mawe lililokuwa pale begani, nikamwambia, "Tumefika, mwanangu, hapa ndipo kileleni," nikammenyea chungwa. Chini, majirani walikuwa wameegemea ukuta wa nyumba yetu ya mlimani wakiota jua, na Leidulf, mtu ambaye hajawahi kumaliza kitu isipokuwa kahawa ya wenzake, akapaza sauti, "Haya mwalimu, mmefika au mlikwenda kupunga upepo?" Nikajibu, "Tumefika!" Marehemu mke wangu alinitazama, akaingia ndani.

Kileleni nako kuna rundo la mawe, kwa hiyo Halvard alipopanda tena ujanani hakugundua kitu. Hadi leo husema hajala chungwa tamu kama lile.

Sasa Halvard ni baba, ana skii za bei ya ng'ombe, huamka jua limeshapanda, hula mayai yake taratibu, kisha huwaswaga watoto mlimani kama mbuzi, na mtoto akilalamika humwambia, "Mimi nilifika nina miaka sita na sikulia, kamuulize babu yako!" Mwaka jana ilikuwa zamu ya binti yake Åshild, akatapika njiani, wakafika hivyohivyo, na walipokuwa wakishuka theluji ya mteremko ilikatika nyuma yao ikafunika njia yote waliyopita, na Halvard akaja kunisimulia huku akicheka, "Baba, mlima umetupigia makofi!" nami, mjinga mzee, nikacheka naye.

Mwaka huu ni zamu ya mdogo wake, Jostein. Aliletwa na mama yake hapa kwenye makao ya wazee, akapanda kitandani kwangu na viatu vyake.

"Babu, baba alilia kule juu?"

"Hakulia."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

"Basi na mimi nikitaka kurudi, sitasema."

Mama yake, Oddny, akaniambia mlangoni, "Baba, zungumza na Halvard basi. Mwaka huu joto limewahi. Mimi nikisema ananiambia mtu wa pwani anajua samaki tu." Nikamjibu kwamba nitafikiri.

Halvard ni mwanangu wa pekee, kila Jumapili huja kuninyoa ndevu, ananiheshimu kuliko ninavyostahili, na ninaogopa kwamba nikimwambia ataweka wembe chini na kwenda zake. Nimewaza nimwachie mchungaji aseme ukweli huu siku ya mazishi yangu, ili usipotee, nami nisiwepo kuuona uso wa mwanangu. Je, hilo halitoshi?

Mwalimu mstaafu

*

Mwalimu,

Pole kwa moyo wako. Pole imekwisha, sasa sikiliza.

Unataka mchungaji aseme siku ya mazishi. Mazishi ya nani, mzee? Umejiweka wa kwanza kwenye foleni bila kuutazama mteremko.

Katika nchi hii mtoto hufundishwa kwamba kugeuka si aibu kabla hajajua kufunga kamba za viatu vyake. Wewe uligeuka. Uliisikia theluji ikiguna, ukamrudisha mtoto wako nyumbani mzima. Lilikuwa tendo bora kuliko yote uliyoyasimulia hapa, nawe ukalifukia kama paka afukiavyo uchafu wake, kwa sababu ya Leidulf. Leidulf! Mnywa kahawa za watu!

Na mwanao simwachi. Mlima haukumpigia makofi, ulimkosa. Mtu mzima anayesubiri mayai yaive huku theluji inaiva pamoja nayo hana la kumfundisha mtoto wa miaka sita. Lakini ushupavu huo hakuuokota barabarani. Ulimmenyea wewe.

Unaogopa atakuacha na ndevu. Kaa nazo. Hakuna aliyekufa kwa ndevu.

Usimngoje Jumapili. Jumapili huja baada ya Jumamosi, na hilo halihitaji mwalimu. Leo hii, ukiweka gazeti chini, bonyeza kengele, muuguzi akushikie simu. Usianze na daktari wala usitafute huruma. Sema: "Halvard, hatukufika. Ulilia, nami niliogopa kuliko wewe, tukageuka, na ndiyo sababu umeishi ukapata watoto." Kisha nyamaza. Akikasirika, mwache akasirike. Wewe umekuwa na miaka mingi ya kutulia. Akimaliza, mwombe akupe Jostein, umwambie kwa mdomo uleule uliomdanganya: "Baba alilia. Akataka kurudi, tukarudi."

Kama ni lazima wapande, waondoke alfajiri theluji ikiwa ngumu kama vigae, waishie begani, wawe wamerudi kabla haijawa uji. Neno la kugeuka liwe la Oddny. Katika ukoo wenu wote, huyo mtu wa pwani ndiye pekee niliyemsikia akitaja joto.

Na chungwa? Mtoto akiliomba njiani, amenyewe njiani. Mwanao alilila lake begani, na hadi leo hajala tamu kama lile.

Bi. Borghild