Neno la Siri la Mashine

Kaka,

Hali yako siulizi. Picha zako za kupandishwa cheo tumeziona. Huku paka kazaa jikoni, na lile bati lililokuwa likivuja limezibwa.

Ile mashine ya kupumulia mliyoiuzia wodi ninakouguza wagonjwa, ugonjwa ulipopamba moto, ilijifunga ghafla ikadai neno la siri la kampuni yenu. Nikakupigia. Ukanijibu, "Dada, usiniletee undugu kazini. Andikeni barua pepe kama wateja wengine." Hukuuliza kitandani kalala nani. Ukakata, na simu zangu hukupokea tena.

Neno lenyewe lilifika kwa barua pepe tukitoka makaburini. Kumbe uliweka jina la Mama.

Ndiye tuliyetoka kumzika. Usije; matanga tumeshaanua.

Aliyekuwa dada yako